Mazoezi ya wazee Dakawa: kitochi kinatosha

Siku hizi ukitaja teknolojia ya kuwasaidia wazee kufanya mazoezi nyumbani, watu hufikiria saa inayohesabu hatua, kamera inayokagua mguu unavyoinuliwa na programu ya simu janja inayotoa pongezi kwa Kiingereza. Kwa mzee wa Dakawa mwenye jaruba lake kwenye skimu ya Mto Wami na kitochi mfukoni, hivyo vyote ni hadithi. Lakini ushahidi haudai vifaa hivyo. Mwaka 1997 watafiti wa Otago, New Zealand, walichapisha matokeo ya mazoezi ya nyumbani kwa wanawake 233 wenye miaka 80 na kuendelea. Mfiziotherapia aliwatembelea mara nne ndani ya miezi miwili, akawafundisha kuimarisha miguu na kusimama bila kuyumba, kisha akawafuatilia kwa simu. Mwaka ulipokwisha, waliofanya mazoezi walikuwa wameanguka mara 88. Wenzao, mara 152. Kilichobeba kazi hapo, kwa maoni yangu, ni kule kuulizwa mara kwa mara: unaendelea?

Uzito wa kufunga kifundoni, wa kuimarishia miguu, nao haumshindi mtu wa Dakawa. Mfuko wa kilo moja ya mchele, ufungwe kwa kitambaa. Mzee akae kwenye kiti kisichoyumba, anyooshe goti polepole, ashushe, arudie hadi mara kumi. Atakuwepo wa kusema kwamba wazee wetu wanalima, mazoezi ya nini tena? Kupandikiza mpunga ni kuinama saa nyingi kwa mkao uleule. Mgongo unachoka, ila mwili haujifunzi kusimama kwa mguu mmoja wala kuinuka kitini bila kujishika, na hayo ndiyo yanayomwokoa mtu anapoteleza kwenye tuta usiku.

Pingamizi zito zaidi linahusu kiharusi. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba ugonjwa huu umeshika kasi kwetu, hasa jijini. Na India, katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017, ndugu wa wagonjwa 1,250 waligawanywa: baadhi wakafundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, wengine wakabaki na huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita hali za wagonjwa hazikutofautiana. Sioni sababu ya kulikwepa jibu hilo. Mkono uliopooza unahitaji macho na mikono ya mtaalamu, na mgonjwa huyo lazima afikishwe hospitali. Simu imfae mzee ambaye miguu inaanza tu kulegea, na wa namna hiyo ndio walio wengi.

Nani apige? Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaojua nyumba ya nani iko wapi na nani kaanza kutembelea fimbo. Mhudumu akifundishwa mazoezi manne au matano, na dalili za kumsimamisha mzee kama maumivu ya kifua, anaweza kuanza. Ila vocha ilipwe na ofisi. Anayetumia salio lake mwenyewe atapiga wiki mbili, kisha atanyamaza.