Natanz: Msikiti Uliojengwa Kulizunguka Kaburi

Natanz, mji mdogo ulio chini ya Mlima Karkas katika mkoa wa Isfahan nchini Iran, una msikiti wa Ijumaa ulioshikana na kaburi la sheikh wa Kisufi, mnara na lango la zawiya, na mtu anayevitazama kutoka barabarani huweza kudhani kwamba vyote vilibuniwa na fundi mmoja kwa wakati mmoja. Akiingia ndani, dhana hiyo haidumu. Ua umebanwa, na iwani nne zinazouzunguka, yaani kumbi zenye dari ya tao zilizo wazi upande wa mbele, hazilingani, kwa kuwa waashi walilazimika kuzipachika kati ya majengo yaliyowatangulia, likiwemo kuba la pembe nane la mwaka 998.

Kazi yote hiyo ilitokana na kaburi. Sheikh Abd al-Samad, wa tarika ya Suhrawardiyya, alifariki mwaka 1299, wakati Iran ikitawaliwa na Wamongolia wa ukoo wa Ilkhan, ambao walikuwa ndio kwanza wamesilimu. Zayn al-Din Mastari, kiongozi wa ngazi ya juu katika serikali yao, alianzisha ujenzi: msikiti ukapata umbo lake jipya mwaka 1304, kaburi likajengewa mwaka 1307, ikafuata zawiya, makazi ya murid, yaani wanafunzi wa tarika, ambayo leo imebaki lango lake tu, na hatimaye mnara wa takriban mita 37, mwaka 1325.

Chumba cha kaburi ndicho kilichotunukiwa ufundi mkubwa kuliko sehemu nyingine. Dari yake ni ya mukarnasi, vijikuba vya plasta vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, na kuta zilivikwa vigae ambavyo, baada ya kuchomwa mara ya kwanza, vilichorwa kwa mchanganyiko wa fedha na shaba, kisha vikarudishwa katika tanuri lenye hewa haba hadi vikang'aa kama dhahabu. Vigae hivyo vilibanduliwa na kuuzwa, na baadhi vimo katika makumbusho ya London na New York. Baadhi ya vigae hivyo vina ndege wawiliwawili juu ya maandishi, vichwa vyao vimegongwa vikatoka, yamkini na mtu aliyechukizwa na picha za viumbe hai mahali pa ibada. Maandishi yenyewe hayakuguswa, ila anayetaka kuyafuatilia sasa hana budi kuvuka bahari.