Turufu na Kopa

Katika miji ya Italia, karne ya 15, palichezwa karata za trionfi, maana yake ushindi. Wareno wakalitamka neno hilo trunfo, nasi twasema turufu. Kopa, uru, shupaza na pao asili yake ni vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu, picha za karata za kale za Kireno. Leo mchezaji hutupa jamvini picha ya moyo, akaiita kikombe! Msomaji asiharakie kusema kwamba karata zilifika pwani kabla ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Wareno wenyewe walipozipokea karata za Kifaransa waliyahifadhi majina yale yale. Hivyo yangaliweza kutufikia hata baadaye.