Ajali ya Motokaa na Madai ya Bima

Barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Ahero na Kericho, na ile ipitayo Maseno kwenda Busia, hupitisha kila siku malori, mabasi, matatu, pikipiki, baisikeli, ng'ombe na watu waendao kwa miguu, wote katika njia moja. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 basi lililokuwa limechukua watu waliotoka mazishini lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic huko Mamboleo, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Habari za namna hii husomwa na kusikitikiwa, kisha husahauliwa na wote isipokuwa wale waliofikwa. Kwa hao, maneno ya fidia ndiyo kwanza huanza, na wengi hukosa haki yao kwa sababu siku zimepita, au karatasi imepotea, au wametia sahihi mahali wasipopasoma.

Sheria inayolazimisha kila motokaa na kila pikipiki iendeshwayo barabarani kuwa na bima ilitungwa nchini Kenya mwaka 1945, nayo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Shabaha yake ni kumlinda mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule asiyekuwamo katika mkataba wao lakini ameumizwa na gari hilo: mpita njia, mwendesha baisikeli, au abiria aliyelipa nauli. Ifahamike kwamba bima hiyo ya lazima ni kwa ajili ya kifo na majeraha ya mwili tu, na kiasi cha juu ambacho sheria inaitaka kampuni ilipe kwa dai la mtu mmoja ni shilingi 3,000,000. Baisikeli iliyopondwa, ukuta uliobomolewa, au gunia la mahindi lililomwagika barabarani ni jambo la mkataba wenyewe. Kampuni nyingi huongeza kinga ya mali, lakini mwenye gari yampasa kusoma hati yake aone kama imo na ni kwa kiasi gani.

Hali kadhalika abiria wa gari la kibinafsi. Abiria wa matatu amelindwa na sheria, kwa kuwa amelipa. Jirani aliyepewa nafasi bure katika gari la mtu kutoka Bondo hadi Kisumu hayumo katika bima ya lazima, isipokuwa mwenye gari awe ameongeza kinga hiyo kwa hiari yake. Na yule mwenye Probox aliyekata bima ya gari la nyumbani, kisha siku ya soko akawa anachukua abiria kwa nauli, amevunja masharti aliyoyakubali mwenyewe. Kampuni ina haki ya kukataa kumtengenezea gari lake. Bei ya bima ya biashara ni kubwa zaidi, ni kweli, lakini mtu huyo hujiona mwerevu mpaka siku ya ajali.

Baada ya ajali dereva hana budi kusimama. Sheria ya barabara yamtaka atoe jina lake, anwani yake na namba ya gari kwa mtu mwenye haki ya kuuliza. Na asipofanya hivyo, aripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Watu wengine, hasa mbali na mji, hupenda kuyamaliza maneno hapo hapo kwa shilingi elfu mbili tatu na kupeana mikono. Mapatano ya namna hiyo yana hatari kwa pande zote mbili. Aliyeumia hajui bado kama maumivu ya shingo yatakwisha kesho au yatamlaza miezi sita. Na dereva aliyesema mbele ya watu kwamba kosa ni lake, au aliyeahidi kulipa, amejifunga kwa ahadi ambayo kampuni yake haikumruhusu kuitoa. Kumsaidia majeruhi na kumpeleka hospitali si kukiri kosa. Hilo lafanywa na kila mwenye utu.

Katika stesheni ya polisi ajali huandikwa katika kitabu cha matukio, na mwenye kuripoti hupewa namba yake. Namba hiyo iandikwe mahali pasipopotea. Baadaye polisi hutoa karatasi iitwayo abstrakti, inayoonyesha tarehe, mahali, magari yaliyohusika, waliojeruhiwa, na kampuni ya bima ya kila gari pamoja na namba ya cheti. Bila abstrakti madai hayaendi mbele. Mwenye kuipokea aisome pale pale mezani: jina likiandikwa vibaya, au namba ya gari ikikosewa herufi moja, kuisahihisha siku hiyo ni kazi ya dakika tano, na kuisahihisha mwaka ujao mbele ya hakimu ni kazi nyingine kabisa.

Tuseme mama mmoja muuza omena anasafiri kwa matatu kutoka Kendu Bay kwenda soko la Kibuye, na karibu na Katito matatu inagongana na lori. Mkono umevunjika, na omena zote zimemwagika. Kabla ya mambo yote aende hospitali, hata kama anaona aweza kuvumilia, kwa maana kadi ya matibabu ya siku ile ile ndiyo shahidi asiyebishwa. Aliyekwenda kwa daktari wiki tatu baadaye huulizwa kama mkono huo haukuvunjika shambani. Kisha achukue fomu ya P3 kwa polisi, ijazwe na daktari. Atunze kila risiti: ya dawa, ya picha ya mifupa, ya nauli ya kurudi kliniki. Majina na namba za simu za abiria wawili watatu waliokuwa naye yafaa kuliko maneno mengi, na kwa kuwa siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kamera, picha za magari kabla hayajaondolewa ni msaada mkubwa.

Mama huyu halazimiki kumjua mwenye matatu. Jina la mwenye gari hupatikana katika kumbukumbu za NTSA, halmashauri ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na nakala hutolewa kwa ada. Aweza kuandika dai lake kwa kampuni ya bima yeye mwenyewe au kwa kumtumia wakili. Ikiwa matatu ilikuwa imejazwa watu kupita kiasi, au breki zake zilikuwa mbovu, kampuni haiwezi kumnyima kwa sababu hiyo. Sheria yaitaka imlipe majeruhi, kisha ikipenda imdai mwenye gari. Jambo hili halijulikani vya kutosha, na wako waliorudishwa nyumbani kwa udhuru huo wakanyamaza.

Muda nao una mpaka. Dai la ajali lafikishwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali; na kama gari lililogonga ni la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kuandikiana barua na kampuni hakusimamishi saa. Afisa wa madai aweza kujibu kwa upole miaka miwili na nusu, akiomba karatasi moja baada ya nyingine, na siku ya mwisho ikapita mtu akiwa angali anangoja jibu. Kwa dai lisilozidi shilingi 1,000,000 iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo imewekewa siku 60 za kumaliza kesi. Yoyote itakayokuwa mahakama, kampuni ya bima ipewe taarifa ya kesi kwa maandishi mara tu inapofunguliwa, maana kampuni isiyopewa taarifa kwa wakati yaweza kukataa kulipa hukumu.

Siku ya malipo huletwa karatasi ya kutia sahihi, ikisema kwamba mpokeaji ametosheka na hatadai tena. Aliyetia sahihi amekwisha. Asiyejua lugha ya karatasi hiyo asiione haya kuomba isomwe na mtu anayemwamini, asiwe yule aliyeileta. Vivyo hivyo ajihadhari na watu wafikao penye kitanda cha mgonjwa wakiwa na fomu mkononi na ahadi ya fedha za haraka. Wakili halali hakosi ofisi.

Mwenye gari aliyekata bima kamili ana njia yake. Aipashe kampuni habari upesi, katika siku zilizotajwa katika mkataba, na gari lisitengenezwe kabla mthamini wa kampuni hajalikagua. Sehemu ya kwanza ya hasara ataibeba mwenyewe kama walivyoagana. Ajue pia kwamba aliyetaja thamani ndogo ili alipe ada ndogo hulipwa kidogo: gari la shilingi 1,000,000 lililokatiwa bima ya shilingi 600,000, likipata hasara ya shilingi 100,000, kampuni yaweza kulipa 60,000 tu.

Mtu akifariki, sheria inawataja wanaostahili fidia ya kupotewa na mtegemewa wao: mke au mume, watoto, na wazazi. Ndugu za marehemu hawamo. Hapo pameleta ugomvi katika boma nyingi kando ya Ziwa, ambapo shemeji hushika karatasi zote baada ya mazishi na mjane huambiwa angoje. Mjane ana haki ya kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kusimamia haki za marehemu kwa ajili ya kesi hiyo, akichukua cheti cha kifo na barua ya chifu. Gharama za mazishi zadaiwa pia, kwa hiyo risiti za jeneza, za chumba cha maiti na za gari la kusafirisha mwili zisitupwe.

Lakini hukumu si fedha ikiwa kampuni yenyewe imeanguka. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na waliokuwa na madai juu ya kampuni hizo waliyaona yakisimamishwa huku wenye magari wakibaki na mzigo. Kwa hiyo mwenye matatu anayechagua bima kwa bei peke yake anaiweka rehani nyumba yake. Kampuni zenye leseni hutangazwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo ndiyo hupokea malalamiko juu ya kampuni ichelewayo kulipa. Barua ya malalamiko itaje namba ya hati ya bima, tarehe ya ajali na siku dai lilipopelekwa, na nakala yake ibaki nyumbani.