Kishikwambi cha Bei Ndogo Darasani: Kipimo cha Mashine na Kipimo cha Lugha

Tarehe 5 Oktoba 2011, mjini New Delhi, serikali ya Uhindi ilizindua kishikwambi kilichoitwa Aakash, jina ambalo kwa Kihindi lina maana ya anga. Kilikusudiwa wanafunzi, kilikuwa na kioo cha inchi 7, na serikali ilikinunua kwa rupia 2,276, kiasi kilichokaribia dola 50 za Marekani wakati ule. Bei hiyo ilisifiwa kote duniani. Lakini mara baada ya wanafunzi wa kwanza kukipokea, malalamiko yalianza kusikika. Mashine ilifanya kazi polepole mno, betri haikudumu zaidi ya saa tatu, na kioo chake kilikuwa cha aina isiyoitikia mpaka kikandamizwe. Mnamo Novemba 2012 ikatolewa Aakash ya pili, yenye kioo kinachoitikia mguso mwepesi wa kidole na kichakataji chenye mwendo wa zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Inchi zilibaki zile zile saba. Yaani mambo mawili yanayotangazwa zaidi dukani, ukubwa na bei, ndiyo yaliyoeleza machache zaidi kuhusu kifaa kile.

Kisa hicho chafaa kukumbukwa kila mara kamati ya wazazi, iwe Lubumbashi au Bukavu, inapochangisha fedha ili kununua vifaa vya namna hiyo. (Neno kishikwambi limeenea Tanzania, hasa tangu Sensa ya mwaka 2022, ambapo makarani walivitumia na baadaye walimu wakagawiwa. Katika Kongo wengi husema tableti, kufuatana na Kifaransa, na hapana ubaya.) Fedha za kamati ni chache, hazirudi mara mbili, na tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019 madarasa yamejaa zaidi kuliko zamani. Kosa moja la ununuzi huwafuata watoto miaka kadhaa.

Kipimo cha kwanza ni umeme, nacho ni cha hesabu tu. Betri ya kishikwambi kidogo cha bei nafuu, yenye miliampea-saa 3,000 hivi, hubeba takriban wati-saa 11. Darasa la wanafunzi 50, wawili wawili kwa kifaa kimoja, lahitaji vifaa 25, yaani wati-saa 275 kwa kuvijaza vyote mara moja. Kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea njiani, yafaa kuhesabu karibu wati-saa 400. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata saa nne au tano za jua kali, hutoa kiasi hicho bila akiba yoyote. Katika Katanga, kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu hayaahidi saa hizo. Kwa hiyo kamati inayonunua vishikwambi pasipo kuhesabu paneli, betri ya akiba na waya zake imenunua nusu ya kitu.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi, hofu mara nyingi huwa kubwa kuliko haja. Saa nzima ya sauti ya mwalimu, ikirekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha usemi, huchukua karibu megabaiti 29. Gigabaiti moja yaweza kubeba zaidi ya saa 30 za masimulizi, nyimbo na imla. Kinachokosekana mara nyingi ni masomo yenyewe ya kutia humo.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoanza, kipimo ambacho wauzaji hawakitaji na ambacho mwanafunzi wa isimu hawezi kukipita: je, kifaa hiki kinakijua Kiswahili? Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa, au za mazingira, nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa. Basi kishikwambi kitakachowekwa mbele ya mtoto wa mwaka wa kwanza au wa pili lazima kipimwe katika lugha hiyo, si katika Kifaransa cha kijitabu cha maelezo.

Tuanze na kioo. Kioo cha inchi 7 cha umbo la kawaida, kikisimamishwa, kina upana wa sentimita 9 hivi. Mtoto anayeanza kusoma huhitaji herufi kubwa. Herufi moja ikichukua nusu sentimita, mstari mzima hubeba herufi 18. Kwa Kifaransa, ceux qui nous ont enseigné ni maneno matano yanayoweza kugawanywa katika mistari miwili bila taabu. Kwa Kiswahili, waliotufundisha ni neno moja la herufi 15, nalo linajaza mstari pekee yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, kirejeshi na mtendwa ndani ya mwili mmoja, na kioo kidogo hakikufikiriwa kwa ajili ya mwili huo. Matokeo yake ni kwamba programu ama huacha mistari mitupu nusu nusu, ama hukata neno.

Kukata neno ni hatari zaidi. Silabi ya Kiswahili huishia katika irabu: wa-na-fu-nzi, ki-ta-mba-a. Programu inayofuata kanuni za Kifaransa hutenganisha konsonanti mbili na kuandika wanafun- mwishoni mwa mstari, kisha zi mwanzoni mwa unaofuata. Mtu mzima husoma akapita. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi hukutana na fun, silabi ambayo hakuifundishwa na ambayo maneno ya asili ya lugha hii hayanayo. Mwalimu atamhesabia kosa mtoto, kumbe aliyekosa ni mashine.

Sauti nayo ina mitego yake. Vishikwambi vingi vinaweza kusoma maandishi kwa sauti, lakini iwapo sauti ya Kiswahili haikuwekwa, kifaa kitasoma kwa ile iliyomo. Sauti ya Kifaransa ikipewa neno kuku, itatamka irabu ya rue. Ikipewa chuma, itaanza kwa sh. Ikipewa shule, itaimeza irabu ya mwisho. Darasa la imla linaloongozwa na sauti hiyo ni afadhali lisiwepo. Isitoshe, kisahihisha-tahajia cha Kifaransa hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno sahihi la Kiswahili, na mtoto hujifunza kwamba lugha yake ni mkusanyiko wa makosa. Kizimwe kabla ya somo la kwanza. Alama ya ritifaa nayo itafutwe kwenye kibodi, maana bila hiyo ng'ombe haandikiki.

Kwamba kifaa kinachojua Kiswahili kinaweza kufundisha, ushahidi upo. Katika mkoa wa Tanga, Tanzania, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa muda wa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni, kwa taarifa ya waandaaji, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Zawadi iligawanywa mwezi wa Mei 2019 kati ya Kitkit School na onebillion, na programu za washindani zikaachwa wazi kwa yeyote azitakaye. Ni kweli kwamba vifaa vya Tanga, Pixel C vya Google, havikuwa vya bei ndogo. Lakini programu hazigharimu kitu.

Hata hivyo, Kiswahili cha Tanga si cha Lubumbashi. Picha ya shule ikitokea, mtoto wa Katuba atasema masomo. Ya fedha, atasema makuta. Akiambiwa kugawa mtoto katika silabi, atapiga makofi mu-to-to, naye ana haki, kwa kuwa ndivyo asikiavyo nyumbani. Programu itamwonyesha alama nyekundu bila maelezo, jambo ambalo mwalimu mwenye busara hafanyi kamwe: yeye hulipokea neno la mtoto, kisha hulitaja la kitabuni kando yake.

Kabla ya kununua vifaa 25, yafaa basi kuazima kimoja kwa siku mbili na kuwaita watoto watatu wa mwaka wa pili. Wasome ukurasa mmoja juani uani, kwa kuwa kioo hafifu hupotea mchana; waandike majina yao na neno ng'ombe; wasikilize sentensi tano na kuzirudia. Mwalimu akae pembeni, aandike katika daftari kila mahali waliposita, na mbele ya kila kusita aseme ni kwa sababu ya mtoto, ya kioo, au ya lugha iliyotiwa ndani. Daftari hilo lisomwe mbele ya kamati nzima, pamoja na hesabu ya paneli, kabla ya mtunza fedha kufungua sanduku.