DEREVA, UMEMEZA NINI?

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Lakini mimi nasema zipo ajali ambazo kinga yake ni swali moja tu: dereva, umemeza nini?

Hapa kwetu Muhuru Bay, omena husafirishwa usiku ili wafike Migori na Kisii asubuhi. Dereva hapati nafasi ya kulala. Wengine hutafuna miraa wasisinzie. Kesho yake usingizi unakataa kuja, basi wanameza tembe za usingizi kama diazepamu. Kumbe dawa hii haitoki mwilini upesi! Hata baada ya siku nzima, nusu yake huweza kuwa ingali damuni. Dereva anaamka akidhani yuko sawa, kumbe macho yameamka lakini akili bado imelala.

Isitoshe, zipo dawa ambazo sio za usingizi lakini huleta usingizi. Klorofeniramini, ile ya mafua na mwasho, ni mojawapo.

Mwaka jana ami yangu, dereva wa pikapu, alikuwa na mafua. Alimeza tembe mbili, akaondoka saa nne usiku. Kabla ya kufika Masara akasinzia. Gari liliacha barabara likaingia kwenye shamba la mihogo. Tunashukuru alivunjika mkono tu. Polisi walimpima pumzi wakakuta hana pombe. Ni kweli, maana kipimo kile hupima pombe, hakipimi tembe. Lakini kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinakataza kuendesha gari ukiwa umelewa pombe au dawa hata ukashindwa kulimudu.

Hebu tufanye hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde tatu tu, gari limekwenda mita 66 bila mwenyewe!

Basi tufanyeje? Dereva au mwendeshaji bodaboda akifika zahanati aseme, "Daktari, mimi ni dereva." Asichanganye dawa na pombe. Aliyeandikiwa dawa asiiache ovyo, bali amwachie mwenzake usukani. Nawe mwenye gari, mpe dereva wako muda wa kulala.

Siku hizi kila jioni nyanya humwuliza ami, "Mwanangu, umemeza nini leo?" Ami hucheka, lakini hujibu. Nasi abiria tusione haya kuuliza. Tahadhari kabla ya hatari!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu