Maharage, Gesi ya Tumboni na Sahani ya Mtoto

Katika toleo hili tunagusa jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, yaani gesi ya tumboni. Katika vikao vya lishe huko Karagwe na Kyerwa tumekuwa tukikutana na wazazi wanaowanyima watoto wadogo maharage kwa kuwa "yanajaza tumbo". Mtoto anabaki na ndizi na mchuzi. Ndizi inashibisha, lakini ina protini na madini ya chuma kidogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 4 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Kagera walikuwa wamedumaa, tena katika mkoa usiokosa chakula shambani.

Je, gesi hiyo inatoka wapi? Sehemu yake ni hewa tunayoimeza tunapokula. Sehemu kubwa hutengenezwa kwenye utumbo mpana. Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima hadi kwa bakteria wa utumbo mpana, nao huzichachusha. Wenye mitambo ya biogesi wataelewa upesi: mahali pasipo hewa, chakula cha bakteria, kisha gesi. Humo hupatikana hidrojeni na hewa ukaa, na kwa baadhi ya watu methani pia. Zote hizo hazina harufu. Harufu huletwa na gesi zenye salfa, ambazo hazifiki hata asilimia 1. Mtu mzima mwenye afya hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, kwa mara 10 hadi 20, hata yule anayekana.

Kwa hiyo gesi baada ya maharage si ugonjwa. Aidha, bakteria hao hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walieleza kwamba chini ya nusu ya watu waliokula maharage kila siku walisema gesi imeongezeka katika wiki ya kwanza, na wengi wao walipata nafuu kufikia wiki ya pili au ya tatu.

Maziwa nayo yana habari yake. Watu wazima wengi hawana tena kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, nao hujaa gesi wakinywa maziwa mabichi au ya kuchemsha. Mtindi huwasumbua kidogo zaidi, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Tunashauri maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Kuloweka hupunguza sukari hizo, ingawa haziishi zote, na pia huokoa kuni. Wapishi wengi, hasa wa shule, hutia magadi ili yaive upesi. Tunawasihi wapunguze, maana magadi huharibu vitamini B1. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aanze kwa kijiko kimoja au viwili vya maharage yaliyopondwa vizuri, aongezewe taratibu.

Hata hivyo, si kila tumbo lililojaa ni la maharage. Tumbo la mtoto likivimba kwa muda mrefu huku akikonda au akiharisha, huenda ni minyoo, vimelea vingine au utapiamlo, na apelekwe zahanati. Tumbo likivimba na kuuma sana, mgonjwa anatapika na hatoi choo wala hewa, huenda utumbo umeziba. Huyo asipewe dawa ya kienyeji wala asisubiri asubuhi, awahishwe hospitali usiku huohuo. Ndiyo sababu wauguzi humuuliza mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo kama ameshatoa hewa: jibu la ndiyo huwaonyesha kwamba utumbo umeanza kufanya kazi.