Kempa ya Bei Poa, Gereji ya Mbali

Tuchukue kempa mpya, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu. Muuzaji wa mjini kwako, tuseme unaishi Minnesota, anataka dola 38,000. Mwingine aliye maili 900 kutoka hapo anakupa modeli ile ile kwa dola 33,000. Dola 5,000 si pesa ya kupuuza. Mtu anapiga hesabu ya mafuta ya kwenda kuichukua, anaona bado amebakiwa na faida nono, anafunga safari. Hesabu hiyo si mbaya, ila imeishia katikati. Kempa mpya ni nadra kumalizana nayo kwa safari moja.

Sababu iko kiwandani. Kempa nyingi za Marekani huundwa katika kaunti ya Elkhart na jirani zake, kaskazini mwa Indiana, kwa mbao nyembamba, plaiwudi, gundi, skrubu na mikono yenye haraka. Mwaka 2021, watu walipokuwa wakikwepa hoteli na ndege kwa sababu ya korona, viwanda vya Amerika Kaskazini vilitoa zaidi ya kempa na magari ya aina hiyo 600,000, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Nyumba hiyo ikishatoka kiwandani huburutwa barabara kuu mamia ya maili, huku mabomba, nyaya na kabati vyote vikitikiswa. Usishangae kabati likigoma kufunga, kile chumba kinachosukumwa nje kwa mota kikikwama nusu, au paa likivuja kwenye kiungo. Mengi ya haya hujitokeza miezi ya mwanzo, na hapo ndipo waranti inatafutwa kwenye droo.

Waranti yenyewe imetolewa na kiwanda, na kampuni nyingi hutoa mwaka mmoja. Jayco hutoa miwili, Airstream mitatu. Lakini atakayeshika bisibisi ni fundi wa muuzaji, na muuzaji ni mfanyabiashara anayejitegemea. Kazi ya waranti haimnufaishi sana: apige picha, atume kiwandani, asubiri idhini, asubiri spea, kisha alipwe kwa saa ambazo kiwanda kimezipanga, hata kama fundi wake ametumia mara mbili ya hizo. Mteja anayelipa kwa mfuko wake hana mlolongo huo. Kwa hiyo ukimpelekea muuzaji wa karibu kempa uliyoinunua kwingine, utawekwa nyuma ya wateja wake, na kama ni majira ya kiangazi hiyo ni foleni ya wiki nyingi. Wengine hukataa kabisa, tena bila kuuma maneno. Mimi siwalaumu. Faida ya mauzo ilikwenda kwa mwingine, wao wameachiwa lawama na makaratasi.

Inabaki kuirudisha ulikoinunua, na hapa ndipo unafuu unapoyeyuka. Pikapu inayovuta mzigo huo tuipe maili 10 kwa galoni, na maili 18 ikiwa tupu. Kwa mafuta ya dola 3.50 kwa galoni, maili 900 za kuvuta ni dola 315, na za kurudi mtupu ni 175. Kuipeleka, kurudi nyumbani, kwenda tena kuichukua na kuivuta kurudi ni dola 980 za mafuta. Safari ya maili 900 kwa kawaida inataka kulala njiani, kwa hiyo weka usiku nne wa moteli kwa dola 90, jumla 1,340. Halafu siku nane barabarani. Kama siku ya kazi inakuingizia dola 200, tengenezo moja "la bure" limekugharimu dola 2,940. Toa kwanza dola 670 za safari ya kuinunua, maana nayo ina mafuta yake na moteli zake, na ule unafuu wa 5,000 unakuwa 4,330. Safari ya pili ya gereji inauzika wote na kukuachia deni. Sijagusa mikesha ya kufikiria kempa iliyoegeshwa majimbo matatu mbali, inayosubiri kipande cha bomba.

Si kila tatizo linalazimu safari hiyo. Friji ya Dometic au ekseli ya Lippert ina waranti ya kampuni yake, na unaweza kuwapigia wao moja kwa moja wakuelekeze gereji iliyo karibu. Ukinunua ile yenye injini yake, shughuli ya chesisi ni ya kampuni iliyoiunda, kama Ford au Freightliner, na gereji za malori zimejaa kila mahali. Kuna pia mafundi wanaokuja hadi ulipoegesha. Wanatoza nauli ya kufika na kazi kwa saa, mara nyingi zaidi ya dola 100 kwa saa. Baadhi ya viwanda hukubali kuwalipa, mradi uombe idhini kwa maandishi kabla fundi hajafungua skrubu hata moja. Ukianza kazi kisha ukapeleka risiti, jibu la kawaida ni hapana. Kwa vitu vidogo, bawaba au bomba la sinki, mimi ningemlipa fundi wa nyumbani hata bila kurudishiwa. Ni nafuu mno kuliko maili 3,600.

Kilicho ghali ni maji. Uvujaji wa paa huingia ukutani, plaiwudi inavimba, ukuta unaachana na gamba lake la nje, na hiyo ni kazi ya gereji kubwa. Ukisoma waranti utakuta umetakiwa wewe mwenyewe kukagua na kuziba viungo vya paa kila baada ya miezi kadhaa. Weka picha zenye tarehe.

Kabla ya kulipa chochote, piga simu kwa muuzaji wa karibu, ila usiongee na dawati la mauzo. Omba idara ya matengenezo, uliza: nikinunua kwingine mtanifanyia kazi ya waranti, na foleni yenu ni ya wiki ngapi? Kisha mpelekee bei ya yule wa mbali. Akishuka hadi dola 35,000, mimi ningenunua kwake bila kufikiri mara mbili. Hizo 2,000 za ziada ndizo zinazokununulia nafasi kwenye foleni.

Ukiamua kwenda mbali hata hivyo, tafuta mkaguzi wa kujitegemea aitazame kempa kabla hujasaini. Atakutoza dola mia kadhaa. Ukishaichukua, usikimbilie nyumbani. Lala usiku mbili tatu kwenye kambi iliyo karibu na muuzaji, washa kila kitu, oga, pika, fungua na ufunge kila mlango, umrudishie muuzaji orodha ya kasoro asubuhi. Waranti nayo isome mapema. Sheria ya shirikisho inakupa haki ya kuiona kabla ya kununua. Wauguzi wa mikataba ya wiki 13, kazi yenye Wakenya si haba, wanaoishi kwenye kempa wakihama hospitali hadi hospitali, wasome zaidi, maana waranti nyingi hazimhusu mtu aliyeifanya kempa makazi yake ya kudumu.

Wapo wanaofaidika na umbali: fundi anayejitengenezea mwenyewe, mnunuzi wa kempa kuukuu ambayo waranti imekwisha, na aliye tayari kwenda kiwandani. Airstream wana gereji yao Jackson Center, Ohio, yenye mahali pa kuegesha na kulala wakati kempa inashughulikiwa. Hao foleni ya muuzaji haiwasumbui sana.

Kwa wengine, mwezi wa 10 wa waranti ni mwezi wa barua. Andika kila kasoro, ambatisha picha, tuma kiwandani na kwa muuzaji, na ubaki na nakala yenye tarehe, ili gereji ikikupa nafasi mwezi wa 14 pawe na ushahidi kuwa ulilalamika ndani ya mwaka.